Moyo umesimama, mshipa haupatikani: dawa nipitishie wapi?

ZamuYaUsiku
Wakuu, habari zenu. Mimi ni muuguzi, bado mgeni kazini. Juzi usiku moyo wa mama mmoja ulisimama wodini. Mishipa ya mikono yote ilikuwa imenywea. Nilichoma mara nne, adrenalini iko tayari kwenye bomba, jasho linanidondokea kwenye glavu. Daktari alipofika akatoboa mfupa chini ya goti, dawa ikaingia papo hapo. Mama hakurudi. Je, mgonjwa akiwa na mrija wa hewa, naweza kuimiminia humo? Na ile ya kuchoma moyoni moja kwa moja?

NesiMkongwe
Pole sana mdogo wangu. Anza na mshipa wa mkono. Ukikosa mara mbili, usichome ya tatu, hamia mfupani. Vena zilizo ndani ya uboho hazinywei kwa sababu mfupa umezishikilia. Dozi haibadiliki: miligramu 1 kila dakika 3 hadi 5. Kwa mtu mzima papasa kile kinundu cha chini ya goti, shuka kidogo, sogea upande wa ndani palipo bapa. Mkono utahisi ukinzani umeachia ghafla, hapo umefika. Mguu uliovunjika uache. Na ukipitisha mkononi, sukuma mililita 20 za maji ya dripu nyuma ya dawa, kisha inua mkono. Nimeona adrenalini nyingi sana zikiishia kiwikoni!

DktWaDharura
Naunga mkono. Njia ya mrija wa hewa miongozo ya Ulaya iliiacha 2010, kwa kuwa huwezi kujua kiasi gani kitafika kwenye damu. Moyoni usichome: unaweza kutoboa pafu au kuchana mshipa wa moyo wenyewe, na wakati huo kifua kimeachwa. Mfupa usikutishe. Mwaka 2024 majaribio mawili makubwa, la Uingereza na la Denmark, yaliulinganisha na mshipa kwa waliosimama moyo nje ya hospitali, na waliobaki hai hawakutofautiana.

NesiMkongwe
ZamuYaUsiku, ulipokuwa unachoma, kifua alikuwa anakandamiza nani?

ZamuYaUsiku
Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa anapampu hewa. Kifua nilikuwa nacho mimi, nikakiacha kila nilipochoma.

NesiMkongwe
Asante kwa kusema kweli. Mkiwa wawili, wewe baki kifuani, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na dawa isubiri mtu wa tatu. Kesho ukiingia zamu, kabla hujapokea ripoti, uliza sindano ya mfupani inakaa kabati gani.