Tupeane uzoefu: wenye biashara ndogo mnaopokea kadi, mnawakwepaje matapeli?

Mleta mada
Wakuu, habari za majukumu. Uzi huu ni wetu sisi tunaopokea malipo kwa kadi, iwe kwa mashine dukani au mtandaoni. Kampuni kubwa zina idara nzima ya kuchunguza miamala. Kwetu muuzaji, mhasibu na mlinzi ni mtu mmoja.

Wengi wanadhani mashine ikishaandika "imekubaliwa", hela ni yako. Wapi! Benki inasema tu kwamba kadi ipo, haijafungwa na ina uwezo wa kulipa kwa wakati huo. Mwenye kadi akija kulalamika, na kwa malalamiko mengi Visa na Mastercard huruhusu hadi siku 120, fedha zinachomolewa kwenye akaunti yako. Mzigo umeshaondoka, na juu yake unakatwa ada. Leteni mikasa yenu, nadharia tumeshasoma.

Muuza Kamera
Naanza mimi. Nauza mtandaoni. Usiku iliingia oda ya kamera tatu zinazofanana, za bei ya juu, na mteja hakuuliza swali hata moja. Mtu anayenunua kamera kwa jasho lake atakuuliza mpaka rangi ya mkanda! Huyu alitaka usafiri wa haraka kuliko wote, gharama haimshughulishi. Jina kwenye kadi lake, la mpokeaji jingine. Mfumo wangu wa malipo unanionyesha tarakimu za mwanzo za kadi, ambazo hutambulisha benki iliyoitoa: benki ya nchi moja, simu ya nchi nyingine, mzigo unakwenda nchi ya tatu.

Jambo moja kati ya hayo halimfanyi mtu kuwa tapeli. Watu wananunuliana zawadi kila siku. Yakikusanyika ndipo napiga simu, na hii haikupatikana. Nikarudisha hela yote kwenye kadi ileile kabla mzigo haujatoka stoo. Baadaye benki ikanijulisha kwamba kadi ile imeripotiwa kuibwa.

Nyumba ya Wageni
Kwangu walikuja kistaarabu kabisa. Barua pepe ndefu, kundi la wageni, wanataka vyumba vyote kwa wiki nzima. Nikaona neema. Halafu likaja ombi: dereva atakayewapokea hana mashine ya kadi, kwa hiyo nikate kwenye kadi kiasi kikubwa kuliko deni, changu nibaki nacho, kinachozidi nimtumie dereva taslimu. Akaleta na namba za kadi mbili, eti ya kwanza ikigoma nijaribu ya pili.

Dereva huyo ndiye tapeli mwenyewe, au mwenzake. Kadi ni ya wizi. Mwenye kadi akilalamika benki inakunyang'anya kiasi chote, wakati sehemu ya dereva umeshaitoa mfukoni mwako na hairudi. Nikamjibu kwamba yeye mwenyewe amlipe dereva, mimi nitakata ya vyumba tu. Kimya mpaka leo. Hela iliyoingia kwa kadi sitoi kwenda kwa mtu wa tatu, na ikibidi kurudishwa inarudi kwenye kadi iliyolipa, basi.

Duka la Nguo
Sisi tulivamiwa na roboti. Asubuhi nakuta mamia ya majaribio ya kulipa viasi vidogo vidogo, kila moja kadi yake, mengi yamekataliwa. Hawana haja na nguo, wanapima kadi za wizi zipi bado ziko hai. Na mimi natozwa kwa kila jaribio! Tukaweka kikomo cha majaribio na kile kipimo cha kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu. Wakahama.

Mhasibu
Naongeza kidogo. Mkanda wa sumaku wa nyuma ya kadi hubeba taarifa zilezile siku zote, ndiyo maana ni rahisi kunakiliwa. Chipu hutengeneza msimbo mpya kwa kila muamala. Marekani, kuanzia Oktoba 2015, mitandao mikubwa ya kadi ilianza kumbebesha hasara ya kadi bandia mfanyabiashara asiye na mashine ya chipu. Matapeli nao wakazidisha nguvu mtandaoni, ambako chipu haisomwi.

Huko mtandaoni washeni 3-D Secure, ambapo benki humtaka mwenye kadi athibitishe, mara nyingi kwa simu yake. Akithibitisha, kwa kawaida dai la "si mimi niliyelipa" linakuwa mzigo wa benki iliyotoa kadi. Dai la "mzigo haujanifikia" bado ni lako, kwa hiyo tunzeni saini za mapokezi. Tena, zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi ni marufuku kuzihifadhi malipo yakishaidhinishwa. Hata kwenye daftari. Kanuni za PCI DSS, yaani za usalama wa taarifa za kadi, hazina msamaha hapo.

Mleta mada
Mhasibu, wateja si watakimbia kwa hatua hizo za ziada?

Muuza Kamera
Baadhi wanakimbia kweli. Mimi nimeiweka kwa oda kubwa tu.

Muuza Vipuri
Dukani je? Jamaa kadi yake imegoma, anasema chipu imechubuka, niingize namba kwa mkono. Nikakataa. Akapiga simu "benki", akanipa niongee nao, wananisomea namba ya idhini nikaiingize kwenye mashine. Nikamwambia nitapiga mwenyewe, kwa namba niliyopewa na benki yangu. Akakumbuka ameacha gari vibaya, hakurudi.

Saluni
Si kila anayepinga malipo ni mwizi, jamani. Mteja wangu wa siku nyingi alipinga kwa sababu taarifa yake ya benki ilionyesha jina la usajili wa kampuni, ambalo halijui. Nikaomba libadilishwe liwe la saluni, na malalamiko ya namna hiyo yakaisha.

Muuza Vipuri
Na wa ndani msiwasahau. Kuna muuzaji wa jirani yangu alikuwa anarudisha "malipo ya wateja" kwenye kadi yake mwenyewe.

Mleta mada
Duh! Hilo unalizuiaje?

Muuza Vipuri
Mashine nyingi zinakubali kuwekewa neno la siri la msimamizi kwa marejesho. Waambie waliokupa mashine wakuwekee, na ulibadilishe lile iliyokuja nalo. Halafu jioni linganisha kila marejesho na risiti ya mauzo yake. Yasiyo na risiti, muulize aliyekuwa zamu.