Sinki linasuasua, fundi anataka kuleta mashine ya presha

Wakuu, habari. Sinki la jikoni linashusha maji kwa kusuasua, na nikimwaga ndoo chooni linakoroma. Fundi anasema dawa ni mashine ya presha tu, ile ya kuzibua kwa maji ya kasi, na bei yake imenishtua. Hakuna njia nafuu?

Jibu: Huko kukoroma ndiko kunakoonyesha tatizo liko wapi. Sinki likiziba peke yake, uchafu huwa kwenye bomba la U chini yake: weka ndoo, legeza nati kwa mkono, toa mafuta yaliyoganda. Choo kikihusika, tazama bomba kuu. Funua chemba (shimo la majitaka lenye mfuniko) ya kwanza nje ya nyumba. Ikiwa imejaa, kizuizi kiko mbele yake. Ikiwa kavu, kiko kati yake na nyumba.

Jibu: Mwaga kostiki soda, umemaliza.

Jibu: Mkuu, hapana! Maji yakiwa yamesimama, ile kitu inachemka humo humo, inaweza kulegeza bomba la plastiki, kisha inamrukia fundi machoni akifungua. Na ole wako uichanganye na asidi.

Muulizaji: Nimefunua chemba. Kavu, ila pembeni pana vijizizi vyembamba.

Jibu: Basi huenda mizizi imeingia bombani; fundi aanze na waya wa kuzibulia wenye kichwa cha kukata, auingize kutokea chembani kurudi ndani. Ni nafuu kuliko presha, ambayo ningeitumia kwa mafuta na mchanga ndani ya bomba refu. Mpatane kwa kazi, si kwa saa, na uulize kabisa kama kamera ya kutazama ndani ya bomba inalipiwa kando. Mizizi hurudi, bomba lenye ufa lisipobadilishwa.