Ndege wa pwani Tanga msimu wa vuli: niende saa ngapi?

Mgeni wa Raskazone
Habari za humu ndugu zangu. Nimehamia Tanga mwezi wa nane nikitokea Dodoma, na ndege wa pwani wameniteka moyo. Jumamosi nilifika Mwambani saa nne asubuhi, maji yamekupwa mpaka kule mbali. Nikavua viatu nikawafuata. Nikisogea hatua mbili, nao wanasogea kumi. Tope likanifika magotini, kisha mvua ikashuka, darubini ikajaa ukungu. Mmoja tu nilimpata vizuri: mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mweusi mnene. Nyuma yake kulikuwa na mwingine wa kijivu, anamfuata huku analia bila kupumzika. Ni ndege gani huyo? Na niende saa ngapi?

Mchimba Chambo
Pole sana kaka, na karibu Tanga. Saa ndiyo iliyokuponza. Nimekulia Tongoni, nachimba chambo kwenye tope hilo tangu darasa la tatu, na ndege hawa nawapenda kweli.

Maji yakipwa wanatawanyika tope zima kutafuta riziki. Ukiwafuata unawakatisha kula, nawe huambulii kitu. Usiwaendee, waache maji yakuletee. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kwetu maji hukauka kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Fika saa nane. Kaa chini pembeni ya mikoko, utulie. Maji yakipanda, tope linapungua, ndege wanarudi nyuma kidogo kidogo, mwisho wote wamejazana kwenye kipande kimoja cha mchanga mbele yako. Maji mafu, siku za mwezi nusu, hayafai sana, mchanga unabaki mwingi na wao wanakaa mbali.

Mvua isikutishe. Juzi ilinyesha nikiwa palepale. Vitwitwi na sululu wote waligeukia upepo, mguu mmoja juu. Kwenye ncha ya mdomo wa sululu mmoja tone la maji lilikuwa linajikusanya, linaning'inia, linadondoka, linaanza jingine. Nilimwangalia mpaka mvua ikakatika.

Huyo wako ni yule mla kaa. Hutaga kwenye mashimo anayochimba mchangani, pwani za Uarabuni na Bahari ya Shamu, yai moja tu jeupe, na joto la mchanga linasaidia kulitunza. Wa kijivu ni mtoto wake. Amesafiri na mzazi mpaka huku na bado anadai kulishwa.

Mama Sahare
Mchimba Chambo kasema kweli. Naongeza la mwamvuli: usiufungue mbele yao, wote wataruka. Vaa koti la mvua, na darubini iweke ndani ya koti, uifute kwa kanga kuukuu ya pamba.

Na mwanangu, tafadhali, wakishajikusanya usiwarushe. Kuna vitwitwi pale, wale wa mdomo uliopinda kidogo kwenda chini, wanaozaliana Siberia kaskazini kabisa, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka hapa. Sasa hivi wote ni kijivu. Subiri Aprili uwaone kabla hawajaondoka: vifua vyekundu kama tofali. Mafuta ya safari ile wanayapata kwenye tope letu hili, na kila wakirushwa yanaungua bure. Vijana wanaowatupia mawe mimi nawafuata na kuwaambia hivyohivyo. Wengi wanasikia.

Mgeni wa Raskazone
Shikamoo mama, ahsanteni sana wote. Nimetoka huko sasa hivi, nimelowa chapachapa. Nilikaa kwenye mkoko tangu saa nane. Ilipofika saa tisa na nusu walikuwa karibu kiasi kwamba darubini niliishusha. Wala kaa nilihesabu 23, na mtoto mmoja kapewa kaa mbele ya macho yangu, kammeza mzima!

Ila kuna mmoja kanishinda. Mdogo, miguu rangi ya chungwa, mdomo mrefu umepinda kwenda juu, anakimbia huku na huku kainamisha kichwa. Nani anamjua?