Leseni ya ualimu New York: masta ya literasi, TESOL au elimu maalumu?

Mama_Neema: Habari zenu walimu wenzangu. Mi niko Syracuse, nafundisha darasa la pili, nina kile cheti cha awali na huu ni mwaka wa 3, na mnajua kinaisha baada ya miaka 5, bila masta hupati cha Professional, yaani cha ngazi inayofuata. Kila mtu ananambia nenda TESOL, yaani kufundisha Kiingereza kwa wanaoongea lugha nyingine, maana una lugha. Ila moyo wangu uko kwenye literasi, yaani kufundisha kusoma na kuandika, napokea watoto wametoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, wanaongea Kiswahili kinyoofu kabisa lakini herufi hawajawahi kufundishwa, naumia sana kuwaona wamekaa kimya na kitabu mkononi.

kaka_Bujo: Dada fanya literasi. Mi nimeimaliza hapa Buffalo na ndo imenifungua macho. Sisi tulisoma ba be bi bo bu, ukishazishika unasoma neno lolote hata kama hulijui maana, sasa Kiingereza hakiko hivyo, angalia though, tough na through, herufi za mwisho, ough, ni zilezile ila sauti kila neno na yake. Mtoto lazima afundishwe sauti kwa mpangilio, hatua kwa hatua, na mi nilikuwa sijui kufanya hivyo licha ya miaka yote darasani. Halafu ukipasi na mtihani wa jimbo wa literasi unaongeza leseni ya pili juu ya ile ya darasa.

Teacher_Asha: Bujo yuko sawa kuhusu watoto ila tuongee kazi pia. Mwalimu wa TESOL analindwa na kanuni ya jimbo, Part 154, shule ikiwa na wanafunzi wanaojifunza Kiingereza lazima wapewe vipindi vyao. Nafasi ya mtaalamu wa kusoma, ile ya mwenye literasi, inategemea zaidi bajeti ya wilaya, nimeona ikifutwa mwezi wa 6 na mtu karudishwa darasani. Elimu maalumu nayo haikosi kazi, ila usiende huko kwa ajili ya ajira tu.

Mzee_wa_Chaki: Hela jamani. SUNY au CUNY, vyuo vikuu vya umma vya jimbo na vya jiji la New York, kwa mkazi ni chini ya dola 500 kwa krediti, vyuo binafsi vingi ni zaidi ya mara mbili. Ulizia TEACH Grant, ruzuku ya serikali kuu kwa wanaosomea ualimu, literasi na TESOL zote zinaingia, LAKINI lazima ufundishe miaka 4 ndani ya 8 kwenye shule ya watoto wa kipato cha chini, usipotimiza inageuka mkopo na riba inahesabiwa tangu siku uliyopokea hela. Na kabla hujalipa hata senti hakikisha programu imesajiliwa na jimbo la New York kwa cheti unachokitaka. Rafiki yangu alisoma mtandaoni chuo cha jimbo lingine, kamaliza vizuri, kuomba cheti akaanza kuhangaika na makaratasi upya.

Mama_Neema: Asante sana, hilo la usajili sikulijua kabisa. Bujo, mafunzo ya vitendo uliyafanyaje na kazi?

kaka_Bujo: Kiangazi, asubuhi na watoto, jioni naandika ripoti. Mke wangu alibeba nyumba, siwezi kukuficha, ni mzigo.

Mama_Neema: Basi naomba literasi SUNY, TESOL nitaongeza baadaye kama krediti zitaruhusu. Kesho napiga simu ofisi ya udahili.

Teacher_Asha: Uliza hapohapo krediti ngapi zitahesabika pande zote mbili, na wakuandikie kwa imeli.