Nilipiga kura kijana atolewe klani, wiki iliyofuata akaniletea simu

Fundi wa Arua anauliza:

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni fundi simu hapa Arua mjini, kibanda changu kiko karibu na soko. Mchana nabadilisha vioo. Usiku nikishafunga nacheza ule mchezo wa kupiga risasi kwenye simu, watano kwa watano. Si mchezaji wa kutisha, ranki niliyo nayo nimeipata kwa kukesha. Seva iko mbali, pingi (muda wa simu kwenda seva na kurudi, kwa milisekunde) ikishuka chini ya 180 namshukuru Mungu, na data yenyewe tangu Julai 2021 inabeba ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo hapa Uganda hata kufungwa unakulipia.

Klani yetu, yaani kundi letu la kucheza pamoja, ina watu kama hamsini: Kampala, Mbarara, Gulu, na wachache wa Nairobi. Tunaandikiana Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ambayo hakuna wa kumringia mwenzake. Mwanzo tulikuwa tunapokea yeyote anayebisha hodi. Siku hizi lazima utume picha ya rekodi yako, iwe umeua wawili kila ulipokufa mara moja, halafu ujaribiwe mechi tatu.

Wiki mbili zilizopita akaja kijana mmoja, jina lake la mchezo nalificha. Tukamjaribu kwenye ile aina ambayo ukifa hufufuki mpaka raundi iishe. Wanne tukafa, akabaki peke yake, sote tunamtazama. Mnaijua hali hiyo, watu wanne wamekukalia begani na kila mmoja ana ushauri. Adui akatokea mbele yake, kampa mgongo kabisa. Kijana akasimama. Hakupiga. Adui akageuka, akammaliza. Kapteni wetu akasema kwenye maiki, “Huyu nubu anapiga risasi au anapiga picha?” Tukacheka. Mimi nilicheka. (Nubu, yaani asiyejua kucheza, siyo Mnubi, ndugu zangu Wanubi wa mtaa wa Oli msinishike shati.)

Usiku huohuo swali likaja kwenye grupu la WhatsApp: abaki au atoke? Vidole gumba vya “atoke” vikamiminika, na changu kimo. Akatolewa bila hata pole.

Sasa Jumatano ya juzi kaja mteja, simu ina ufa, anasema tachi inamsumbua. Mimi tachi naipima hivi: nashika alama ya programu yoyote, naiburuta polepole skrini nzima, ikidondoka mahali, hapo pamekufa. Ikadondoka chini, ukanda wa vidole viwili, kutoka kushoto hadi kulia. Ukiilaza simu kama tunavyoishika tukicheza, ukanda huo unaangukia mkono wa kulia, palepale kilipo kitufe cha kupigia risasi.

Nikamuuliza, “Unaitumiaje hii?” Akasema, “Nimezoea, boss.” Akafungua mchezo anionyeshe. Kitufe cha risasi amekihamishia kushoto, kimebanana na cha kutembea, kwa hiyo dole gumba moja linafanya kazi ya mawili. Na huko kushoto ndiko ufa ulikoanzia. Kitufe mara kinaitika, mara kinanyamaza. Juu yake nikasoma jina la mchezaji. Ni lilelile.

Nikamwambia aache simu, arudi Jumamosi. Sijamwambia kitu. Nimwambie? Na klani yetu, kuna wa kuirudisha ilivyokuwa, au ranki ikipanda ndivyo watu wanavyokuwa?

Dereva wa Ntinda:

Fundi, pole, lakini usitubebeshe dhambi yako sote. Klani ikishaanza kushindania ranki si mahali pa kufundishana. Nenda stage yoyote ya boda hapa Kampala ukute watu wanacheza ludo la kuwekeana elfu mbili, halafu uombe kukaa huku hujui hata kufunga njia. Watakwambia kaa pembeni utazame. Hawajakutukana hapo. Sisi tuliwahi kutolewa mashindanoni kwa sababu mmoja wetu alileta shemeji yake “ajaribu”. Mtu kuchagua wa kucheza naye ni haki yake.

Hilo la kumcheka kwenye maiki ndilo baya. Ungesema tu “bado, rudi mwezi ujao.”

Nesi Mbale:

Kaka Dereva, kwenye stage yako yule wa pembeni anaonekana. Kesho atapita tena, mtasalimiana, siku moja mmoja wenu atakosa mtu wa nne na mtamwita. Mtandaoni ukimtoa mtu amekufa. Hapo ndipo ubaya unapoanzia.

Marehemu kaka yangu alicheza World of Warcraft miaka ile, mchezo wa kompyuta wa maelfu ya watu mtandaoni. Alikuwa anasema zamani ili uingie pangoni, mahali pa kupigana kwa kikundi, ulipaza sauti kutafuta wenzako kwenye seva yenu, kwa hiyo ukimfanyia mtu ushenzi jina lako lilijulikana. Desemba 2009 ikaja mashine ya kuwapanga watu yenyewe, hata wa seva nyingine. Mambo yakawa ya haraka, na ukimtukana mtu humuoni tena. Nyakati hizohizo ikapata umaarufu programu ya pembeni, GearScore, inayoyapa mavazi yako namba. Watu wakaacha kuuliza “unajua kucheza?” wakawa wanauliza “una ngapi?” Picha ya rekodi mnayodai nyinyi ni mtoto wa hiyo.

Lakini mchezo unaweza kupangwa kinyume chake. Kwenye Guild Wars 2, mchezo wa aina hiyohiyo uliotoka 2012, mwamba wa madini ukichimbwa na mwenzako, wewe wako bado upo, na ukimwinua aliyeanguka unaongezewa pointi. Kwenye Final Fantasy XIV kundi likiwa na mtu ambaye pango hilo hajawahi kulimaliza, wote wanapata zawadi ya ziada wakimfikisha. Niliingia huko mara ya kwanza nikaandika “samahani, mimi mgeni,” mtu akajibu kwa furaha kana kwamba nimemletea soda. Furaha yake ilikuwa ya zawadi, sawa, lakini mimi nilibaki.

Huku kwenye risasi nacheza maiki ikiwa imezimwa. Wakisikia sauti ya mwanamke mechi inageuka kuwa mahojiano.

Fundi, mwambie kijana wa watu.

Mwalimu wa Chesi, Jinja:

Neno moja kuhusu namba. Hesabu ya ranki nyingi za michezo hii ina asili kwenye chesi, kwa Arpad Elo, mwalimu wa fizikia wa Marekani aliyezaliwa Hungaria. Shirikisho la dunia la chesi liliipokea hesabu yake 1970. Ndani yake, ukinizidi pointi 200, unatarajiwa kupata karibu tatu katika kila nne tunazoshindania. Maana yake mimi mnyonge bado nina moja. Wanafunzi wangu wanasahau hiyo moja kila siku, na wanaoisahau zaidi ndio wanaolia wakifungwa na wadogo.

Boda Tupu:

Mnaongea mengi. Kioo bei gani?

Fundi wa Arua:

Boda, kioo na kazi elfu hamsini na tano, njoo na simu.

Mrejesho. Jumamosi kaja kama nilivyomwambia. Nimempa simu, nikamwacha aburute alama mwenyewe kutoka juu hadi chini. Haikudondoka. Akarudisha kitufe cha risasi kulia, akakigusagusa kama mtu anayejaribu kiatu. Nikaona ndiyo nafasi. Nikamwambia mimi nimo kwenye ile klani, na kidole changu kilikuwemo.

Hakushtuka. Akanionyesha juu ya mlango, kwenye ubao wangu. “Namba yako si hiyo hapo, boss? Kwenye grupu niliiona kabla sijatolewa.” Nikamuuliza kwa nini basi kaleta simu kwangu na mafundi wamejaa mtaa mzima. Akasema wengine walitaka elfu sabini.

Banange, sikuwa na la kusema. Tukafungua chumba cha wawili palepale kibandani, yeye kwenye kiti cha wateja, mimi na bisibisi bado mkononi. Kanifunga saba kwa tatu. Nimetuma picha ya matokeo kwenye grupu bila maneno. Kapteni ameiona, hajajibu. Wawili wa Gulu wameniandikia pembeni wakiuliza huyo ni nani. Jumapili usiku tutacheza wanne hivyo, nje ya klani, tunatafuta wa tano. Dada Nesi, ukija na maiki yako imezimwa hakuna atakayekuuliza.

Kijana bado namdai elfu kumi. Anasema nitalipwa nikimfunga.