MREJESHO: Kichwa cha treni ya kuchezea, Lionel 622, kimetembea!

Wakuu, naleta mrejesho. Niliuliza kwa nini kichwa changu cha sogeza (aina ya kupangia mabehewa stesheni), Lionel 622 cha mwaka 1949 (mfano mdogo wa injini halisi ya dizeli ya Marekani, NW2), kinaunguruma bila kusogea, na kama ning'oe swichi yake ya kugeuza mwelekeo niweke bodi ya kisasa ya kielektroniki.

Sikung'oa, na nimefurahi mno. Shida ilikuwa kwenye kijipipa kinachozunguka ndani ya swichi: vidole vinavyokigusa vilikuwa vyeusi tii. Nilivisugua kwa pamba yenye spiriti, taratibu sana, maana ni vyembamba na vikipinda ndiyo basi tena. Brashi za kaboni nikabadilisha. Sasa kila nikikata umeme na kurudisha, kinabadilika: mbele, simama, nyuma, simama.

Na ule muungurumo kama wa nyuki, unaotoka kwenye koili (waya uliozungushwa, unaosukuma swichi kwa sumaku) je? Aliyeshauri diodi nne (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zipangwe daraja kabla ya koili, ili AC ya reli igeuke DC, ubarikiwe. Koili ikipata umeme wa DC (unaokwenda upande mmoja tu) inashika kimya kabisa.

Gamba la nje sijaligusa. Rangi ya kiwandani ikishatoka hairudi, na kwangu hiyo ndiyo thamani yenyewe.

Kengele ya ndani bado hailii. Mwenye picha ya jinsi inavyofungwa, tafadhali.