Cherehani yatoa vitanzi chini, naombeni ushauri

Assalam aleikum wenzangu. Nina cherehani ndogo ya umeme hapa nyumbani, Langoni, Lamu, na wiki ya pili hii inanitesa. Juu mshono umenyooka, nikipindua kitambaa chini ni vitanzi vitupu, kama nywele za mtoto aliyeamka sasa hivi. Ni buibui la mamangu napinda, nishafumua mara tatu mpaka kitambaa kinaonyesha matundu.

Sindano nimebadilisha, nimetia nambari 11 kwa kuwa kitambaa ni chepesi. Bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, nimeitoa nikapangusa vumbi. Kidude cha kukaza uzi wa juu nimekitoa 4 hadi 7: nafuu kidogo, kisha uzi ukakatika.

Fundi jirani anasema nikaze skrubu ya bobini. Shangazi anakataa kabisa: vitanzi vikiwa chini, kosa ni la uzi wa juu, niinue mguu wa cherehani unaokandamiza kitambaa ninapotunga uzi, ili uingie katikati ya visahani vinavyoukaza. Nikafanya hivyo, robo mita ikatoka safi, halafu yale yale.

Yawezekana visahani vimeshika kutu? Tuko karibu na bahari, hata mikasi hapa haidumu. Nivifungue mwenyewe, au springi itaniruka nisiione tena?